Lugha ya Zizini

Robi alisimama nje ya zizi, kibuyu cha maziwa mkononi. Ndani, bintiye alikuwa akimbembeleza ng'ombe mwekundu kwa Kikurya, bila kukwama hata neno.

Tangu aolewe huku Robanda akitokea Itiryo kwa Wakurya wenzake, Robi hakuwa na wa kuzungumza naye Kikurya ila huyo ng'ombe, kila asubuhi akimkamua. Ndani ya nyumba, watoto walijua Kiikoma cha baba yao na Kiswahili cha shule.

Robi akaweka kibuyu chini. Akaingia, akachuchumaa kando ya mtoto, akamwuliza kwa Kikurya kama amelala salama.

Mtoto akacheka, povu la maziwa kidevuni.

"Mama, kwani mimi ni ng'ombe?"