Mtumbwi wa Rubisi

Mwambao wote wa Muleba hapakuwa na bibi mvuvi wa kumshinda Alistidia, kwa sababu hapakuwa na bibi mwingine mvuvi.

Chombo chake kilikuwa mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe ya ndizi. Alfajiri aliuteremsha majini kupitia miambani, akavua, akaurudisha uani mbio. Mumewe alikuwa ameshamenya ndizi za rubisi ya harusi ya mjukuu.

“Ma Alistidia, umeuosha?”

“Jana, mume wangu. Tangu hapo haujatoka hapa uani.”

Mzee akamwaga ndizi, akavua kandambili, akaanza kukanyaga. Ghafla akasimama mguu mmoja kama korongo. Akapapasa kati ya vidole, akainua furu mdogo, bado akipiga mkia.

“Basi huyu samaki,” akauliza, “amekuja na bodaboda?”