Fomu Isiyotaka Jina

Fomu zilitoka Nairobi: kila mfanyakazi wa benki aandike anachopenda na asichopenda kazini. Jina halikutakiwa.

"Mwaga yote, dada," keshia mwenzake alimwambia Edinah. "Watajuaje ni wewe?"

Anachopenda kilikuwa rahisi: mkopo nafuu wa wafanyakazi. Nyumba aliyoijenga Litein kwa mkopo huo ilikuwa imefika linta, juu ya madirisha.

Asichopenda kilijaza ukurasa. Wiki ya bonasi ya chai, wakulima wamejaa benki kuchukua malipo yao, meneja alimnyima ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake, naye akafia hospitalini Kaplong akimuulizia.

Akiikunja fomu, aliona kwenye kona nambari ndogo ya penseli. Ilikuwa nambari yake ya kazi.

"Leta basi," meneja alisema, mkono ameunyoosha. "Wenzako washamaliza."

Edinah akaikunjua, akaandika juu jina lake lote kwa herufi kubwa, akampa.