Guruguru Asiyetulia

Alikuwapo Guruguru, mjusi wa msitu wa mlimani, ambaye hakujua kutulia. Jua likipenya matawini alilifuata. Likihama, naye akahama, kutoka jiwe hadi kisiki.

"Una upupu, mwenzangu?" Kinyonga alimcheka. "Haraka haraka haina baraka!"

Siku moja ukungu ulitanda, jua likabaki mahali pamoja tu, juu ya gogo alilojilaza Kinyonga.

"Dada, nipishe," Guruguru alisema akitetemeka.

"Nikupishe niende wapi? Kila siku wewe na jua, jua na wewe!"

"Si langu hilo jua. Wewe mayai yako umeyafukia, udongo unayatunza. Wanangu mimi nimewabeba tumboni. Nikipoa, wanakufa."

Kinyonga, ambaye hakanyagi kitu bila kukijaribu mara tatu, alishuka gogo lile mbio hata akajikwaa kwenye mkia wake.

Siku ya tatu walizaliwa watoto sita, wote wazima.

Guruguru bado anahangaika. Ila sasa Kinyonga akiliona jua linapenya mahali, humwita kwa sauti, "Huku, shoga! Haraka, haraka!"