Pombe Isiyoonjwa

Mama mwenye klabu aliweka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mezani bila kuonja, akageuka kuondoka.

Petronila aliacha kula. Jioni ile kila mteja alikuwa ameonjewa pombe yake kabla ya kukabidhiwa, kama desturi ya Wahaya inavyotaka. Ni yeye tu ambaye hakuonjewa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu amzike mumewe, aliyekufa kwa ule ugonjwa mpya ambao Bukoba nzima iliuita Juliana, na ambao watu walidhani huambukizwa kwa kunywea chombo kimoja. Alikuja klabu hii ya Miembeni peke yake, ale ndizi na samaki, asikilize zeze la enanga. Sasa watu wa meza ya jirani walikuwa wakimtazama. Angeweza kunywa na kunyamaza. Angeweza pia kwenda zake nyumbani.

"Waitu, mama," aliita kwa heshima. "Hujanionjea."

Mpiga enanga aliendelea kuimba, lakini vidole vyake vilipunguza mwendo juu ya nyuzi.

Mama alirudi. Kibuyu kilikuwa kipya, hakijashikwa na mtu mwingine.

"Hicho nimekutengea wewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeona. Nionjee."

Mama alikitazama kibuyu. Matone madogo ya jasho yalimtoka juu ya mdomo, wala hakuyafuta. Kisha akakiinua kibuyu kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa.

Watu wa meza ya jirani waliinuka, wakaelekea mlangoni.

Mama aliwatazama wakitoka. Akavuta kiti, akaketi na Petronila.