Uchovu wa Vailet

Vailet alikaa chini tena, safari hii juu ya jiwe kando ya shamba la watu, akashika kichwa.

"Mama, tupumzike kidogo."

Ilikuwa mara ya nne tangu watoke nyumbani Singe, na zahanati bado. Leonia alitaka kumkemea, lakini hiyo pumzi ya kukemea hakuwa nayo. Akatua kikapu, akakaa ubavuni kwa mwanawe. Mgonjwa hakimbizwi.

Mwezi mzima sasa mtoto yuko hivyo. Msichana wa miaka kumi na sita! Maji anachota, kuni analeta, lakini akimaliza tu anajitupa mkekani kama gunia. Na Leonia akishika fimbo kwenda kupiga mbaazi, anaitwa: "Mama, njoo ukae na mimi, naogopa." Basi mbaazi zinalala uani.

Mwanzoni alimwita mvivu, tena mbele za watu. Ndipo akamkumbuka binti wa kaka yake Melkiadi, kule Bonga. Naye alianza hivi hivi, nimechoka, nimechoka. Wakamcheka, wakampa jembe. Palizi haijaisha, wakamzika. Tangu Leonia akumbuke hilo, chakula kilikuwa hakipiti kooni.

"Twende," alisema, akiinuka kwa kushika magoti.

Vailet alikuwa ameshanyakua kikapu.

"Lete hapa! Mgonjwa anabeba mzigo?"

"Kinanisaidia kutembea sawa, mama."

Mbele ya duka lake, Mama Sabaha alikuwa anapanga ndoo. Vailet akamwamkia.

"Marahaba. Na hicho kikapu, mnakwenda harusini?"

"Zahanati," Leonia alisema. "Huyu anaumwa. Kuchoka tu, kuchoka tu."

"Anaumwa na mashavu hayo kama maandazi?" Mama Sabaha akacheka, kisha akashusha sauti. "Mama Vailet, fungua macho. Wasichana wa siku hizi wakianza kuchoka choka, mwezi wa tisa unaitwa bibi."

Leonia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Vailet akatazama chini.

"Na wewe mwenyewe umekwisha," Mama Sabaha akaendelea. "Umefunga, na Ramadhani bado?"

"Jua la mbaazi hilo, dada. Mkulima asiyechoka huyo hajalima."

Walikaa chini mara mbili zaidi kabla ya kufika.

Kwenye benchi Leonia alimnong'oneza mwanawe aingie kwa daktari peke yake. Pengine Mama Sabaha amesema kweli, na yapo mambo mtoto hawezi kuyatoa mbele ya mama yake. Vailet akamng'ang'ania kanga. "Bila wewe siingii."

Daktari Tadeo alikuwa kijana mpole, mwenye miwani. Akauliza yalianza lini.

"Mwezi wa tano," Vailet alijibu haraka, kama anayesoma. "Usiku ni jasho mpaka shuka inalowa. Nguo zinalegea. Ukiinama ukasimama, giza linaingia machoni. Kilima kidogo tu, moyo unakimbia. Na kuna uvimbe hapa, chini ya kwapa. Hauumi."

Leonia aliganda. Uvimbe! Mtoto ana uvimbe naye hakuambiwa? Ya kwake yeye aliyajua, ya utu uzima na jembe, hayakuwa ya kumpeleka mtu kwa daktari. Lakini kwa mtoto? Machozi yakamlenga. Akaanza rozari kimoyomoyo.

Daktari akafunua kope za Vailet. Akampapasa shingo, kisha makwapa, huku na huku. Akarudia. Akakunja uso. Akamtuma kupima damu, wakasubiri majibu, na muda wote huo Leonia alikuwa anamwahidi Mungu vitu ambavyo hata hakuwa navyo.

Walipoitwa tena, daktari alikuwa ameshika karatasi, anaitazama kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

"Mama, huyu hana kitu. Damu yake nzuri kuliko yangu. Uvimbe sijauona. Hata mimba hana."

"Asante Yesu!" Leonia akaruka kusimama. Chumba kikazunguka. Akashika ukingo wa meza, akacheka huku anahema. "Umesikia, mwanangu? U mzima! Haya, inuka twende, mbaazi zinatungoja."

Vailet hakuinuka. Alikuwa analia.

"Nisamehe, mama," alisema, kisha akamgeukia daktari. "Mimi siumwi popote. Hayo yote niliyokutajia ni ya kwake. Kwa ajili yake mwenyewe asingekuja."