Sahihi Tatu

Injinia Kitavi alikuwa futi sitini juu ya ardhi, mkono mmoja umeshika mnara na mwingine unakaribia sanduku la mtambo, alipouliza kwenye simu ya upepo iliyobanwa kifuani mwake kama umeme umezimwa. Mukai, aliyesimama chini akiwa ameipa swichi kubwa mgongo, alisikia vizuri sana.

"Madam, unanipata? Nauliza, umezima?"

Kiwanda chenye mnara huo, kule Riruta, hutengeneza chakula cha mifugo, na vumbi lake lilikuwa limeua kila mtambo wa intaneti uliowahi kufungwa pale. Safari hii uliletwa wa chuma, usiojali vumbi, mvua wala jua, wa kurushiana mawimbi na ofisi kuu ya kiwanda iliyoko Westlands bila waya. Sanduku lake hula umeme wa kiwanda, si ule mdogo wa kuchajia simu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuelekeza sahani yake ya kunasa mawimbi tu. Huko Westlands, fundi Oduor alikuwa juu ya paa akingoja kuambiwa asogeze yake kushoto au kulia.

Kwa kawaida wanaopanda ni mafundi. Lakini Mukai, fundi umeme wa kiwanda, alikuwa ameiandikia ofisi ya kampuni ya intaneti kwamba safari hii injinia mwenyewe apande akague kwa macho yake. Ofisi ikaona ni busara. Kitavi akanung'unika, akavitazama viatu vyake vipya, akakubali.

Mukai alimletea fomu ya ruhusa, kurasa tatu, akaanza kumsomea kama ilivyo desturi ya kiwanda. Hakumaliza mstari wa kwanza.

"Karatasi zenu ni mob sana, madam, nani atazisoma zote?" Kitavi alisema, akaichukua kalamu. "Nipe nisaini tuanze kazi."

Akatia sahihi tatu bila kusoma chochote. Mukai akamvisha kizibao cha kung'aa, akamtilia mfukoni bahasha nyekundu inayokwenda na fomu hiyo, akafunga zipu. Kitavi hakuuliza ni ya nini. Wala hakumuuliza Mukai ni mke wa nani.

Angeuliza, angejua ni mke wa Ndambuki.

Ndambuki alikuwa fundi wa Kitavi. Miaka miwili iliyopita, kule Mountain View, alikuwa juu ya mnara kama huu na Kitavi yuko chini. Akauliza kama umeme umezimwa. Akaambiwa umezimwa, ashike tu. Akashika. Leo hana vidole vya kushika kikombe, na kila asubuhi Mukai humfunga vifungo vya shati. Hilo Mukai angelimeza. Asichoweza kumeza ni ripoti ya Kitavi, iliyosema fundi alipanda bila ruhusa akiwa amelewa. Ndambuki, ambaye hajawahi kuonja hata kileo cha harusi, aliondolewa kwenye uzee wa kanisa, na tangu siku hiyo hatoki nyumbani. Kitavi hakukanyaga hospitali hata mara moja, ndiyo maana hakumjua mkewe.

Mukai alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote na wala hakuona haya. Akabonyeza simu ya upepo.

"Umezimwa, Injinia. Shika tu."

Mkono wa Kitavi ukasimama hewani. Akauliza amesema nini.

"Nimesema shika tu. Si ndivyo ulivyomwambia Ndambuki?"

Kitavi akaukumbatia mnara. Ndoana ya mkanda wake wa usalama ilikuwa nyuma ya sanduku, na hapakuwa na namna ya kuifungua bila kuligusa. Akajaribu ukali kwanza, akataja polisi. Akajaribu upole, akasema yeye ni mzazi, ana watoto watatu. Mukai akapeleka mkono nyuma, akauweka juu ya swichi, na kutoka kule juu Kitavi aliuona.

"Siku ile uliuzima?" Mukai aliuliza.

Jua lilikuwa kali. Kitavi alilia kidogo, na simu ya upepo ikakipeleka kilio chake kila mahali, kwa maana kiwandani wote husikilizana kwenye laini moja. Kule ghalani watu waliweka magunia chini.

"Sikuuzima," alisema. "Nilikuwa kwa gari, naongea na simu. Sikufika kwa swichi kabisa."

"Na pombe?"

"Hakuwa amelewa. Niliandika tu. Ningepoteza kazi."

Mukai alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka miwili. Alifikiria vifungo vya shati. Kisha akasema tena, taratibu, ashike sanduku ashuke.

Kitavi akatikisa kichwa na kufumba macho. Mkojo ulikuwa umelowesha suruali yake.

Fathiya, afisa wa usalama, alitoka ofisini mbio, simu ya upepo mkononi na mtandio umemwanguka mabegani. Nyuma yake walikuja wafanyakazi wa ghala. Hakuna aliyethubutu kumkaribia Mukai.

"Tumesikia sote, dadangu," Fathiya alisema. "Nitayaandika yote, na kanisani kwenu nitakwenda mwenyewe. Lakini usiue. Zima huo umeme, mtoto wa watu ashuke."

Mukai akasogea kando. Kwenye swichi ilining'inia kufuli nyekundu.

"Fungua zipu ya mfuko wako, Injinia," alisema. "Umeme umezimwa na kufungwa kwa kufuli tangu asubuhi, na ufunguo unao wewe, kwenye bahasha. Imeandikwa ukurasa wa pili. Ulitia sahihi."