Bibi Radegonde wa Quabarre

Mamie alikuwa amesuka hadi katikati ya kichwa cha Annelie alipoambiwa kwamba kufikia Jumamosi ni lazima awe na jina la mwanamke aliyeishi miaka mia saba iliyopita.

"Mwanamke yupi?" aliuliza, bila kuachia msuko.

"Yeyote. Unamtunga mwenyewe. Jina lake, kwao, baba yake."

Annelie alikuwa mhasibu huko Marshalltown. Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi hadi chumba cha Mamie cha kusukia nywele, mtaa wa Berea, na kila mara alimsimulia habari za chama chake: watu wazima, wenye kazi na watoto, waliokutana kwenye shamba moja nje ya Johannesburg, wakavaa kama Wazungu wa Zama za Kati, wakapigana kwa panga za mbao na kula nyama kwa mikono. Mwaka huo wa 2017 walitaka msusi kwenye tamasha lao, maana mabibi wa zamani walisuka. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kamba ya uwanja wao na jina la siku hizi. Bila jina, Mamie angebaki nje na watazamaji, na vichwa vyote vya kusuka vingebaki ndani.

"Na anayekubali majina ni nani?"

Annelie alishusha sauti. "Baron Guillaume. Mfaransa kabisa. Kwao ni milimani, karibu na ziwa. Anafanya kazi ya usalama lakini hasemi ya nani. Sisi tunadhani ni ya serikali. Kuna daktari wa meno amemrudisha mara tatu kwa sababu ya matamshi tu."

Kifaransa cha Mamie kilikuwa cha shule ya masista, kule kwao Kabare, Kongo, na tangu aingie Johannesburg hakikuwa na kazi nyingine ila kusali na kutukana.

Jioni alimweleza Emérite, Mrundi waliyeshirikiana chumba, ambaye tayari alikuwa anamshonea gauni kwa pazia jekundu la mahameli. Mamie akaanza kujaribu majina aliyoyasikia kwa Annelie.

"Ermengarde."

"Hiyo ni teksi inayokataa kuwaka."

"Gundrada."

"Hiyo ni dawa ya minyoo."

"Godelieve."

Emérite alisimamisha cherehani. "Godelieve ni mama yangu mdogo. Anauza visamaki vya ndagala Bujumbura."

Walitazamana. Mamie akakumbuka kwamba majina mengine ya Annelie pia yalikuwa ya kwao: Pétronille alikuwa mwalimu wake wa kwaya. Na Radegonde ndiye shangazi aliyemlea, mwanamke mnene aliyeweza kumfukuza mwizi wa kuku kwa kumtazama tu.

"Kumbe Wazungu waliyazika haya majina," Emérite alisema, "halafu mapadri wakaja kuyabatiza kwetu."

Basi ikawa Radegonde. Kwao, Emérite akapendekeza Kabare hiyohiyo, ila iandikwe kwa Q. "Ukiweka Q hakuna atakayeuliza. Na ukiulizwa, sema ni jirani na Burgundi ya Ufaransa. Ni Burundi tu, wameongeza G."

Jumamosi Mamie alipanga foleni katikati ya watu waliobeba ngao na kuvaa manyoya, jasho likimtiririka ndani ya pazia. Mbele yake daktari wa meno alijitaja, akarudishwa mara ya nne. Aliondoka ameinamisha upanga.

Baron Guillaume alikuwa ametoka kupigana wakati huohuo. Alikaa kwenye kiti kirefu, mikono ndani ya glavu za chuma, kichwa kizima ndani ya kofia ya chuma yenye ufa mwembamba wa macho. Sauti ilitoka humo kama mtu anayesema ndani ya pipa, na Kifaransa chake kilikuwa cha kumfanya Mamie asimame wima kama zamani mbele ya sista mkuu.

"Jina?"

"Radegonde wa Quabarre."

Kofia haikutikisika. "Quabarre iko wapi?"

"Milimani, Bwana Baron. Juu ya ziwa. Magharibi kidogo ya Burgundi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unakwenda kwa farasi, unalala njiani."

"Baba yako alikuwa na mali gani?"

Mamie alitafuta mali za mabwana wa Ulaya kichwani, asipate hata moja. Maneno yakamponyoka. "Ng'ombe. Na migomba."

Annelie, asiyejua Kifaransa, alimtabasamia kwa matumaini.

"Migomba," Baron alirudia. "Ulaya."

"Ni zamani sana, Bwana Baron. Kulikuwa na joto."

Ndani ya kofia kikasikika kitu kama kikohozi. Mamie aliangalia ile kamba, akijiona upande wa watazamaji, na gauni lake la pazia na machanuo yake.

Ndipo Baron aliposimama, chuma chote kikilia. Akatangaza kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kifaransa kwamba jina la bibi huyu ni safi, ukoo wake ni wa kale, na yeye binafsi anaifahamu nyumba ya Quabarre. Watu wakapiga makofi. Akaupokea mkono wa Mamie kama ilivyo desturi ya mabaroni, akauinamia kuubusu, hadi kofia ikamgonga vidole.

"Dada," ilinong'ona ile kofia kwa Kiswahili cha Bukavu, "ile migomba itatuuza sisi bote. Mimi ni Firmin, wa Walungu, pale jirani na Kabare yenu, lakini hapa banajua niko Mufaransa. Kesho uniletee sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na bakiuliza, sema ni majani ya Burgundi."